Barong Tagalog: ya nanasi, ya hariri au ya poliesta?

Mfilipino akioa huvaa barong, shati jepesi la darizi linaloachiwa nje ya suruali, na wengi huzikwa nayo. Ramon Magsaysay ndiye rais wa kwanza wa Ufilipino kuapishwa akiwa ameivaa, mwaka 1953, na tangu hapo imekuwa vazi la taifa hasa. Viongozi wa APEC, jumuiya ya uchumi ya nchi za Asia na Pasifiki, walipokutana nchini humo mwaka 1996 na 2015, walivishwa barong mbele ya kamera za dunia nzima. Ukialikwa kwenye harusi ya Kifilipino, iwe Manila au Dubai, ukaivaa vizuri, wenyeji wataona umewaheshimu. Kwa hiyo si nguo ya kununua kwa kubahatisha.

Kinachobeba bei ni kitambaa. Bora kuliko vyote ni kile cha nyuzi za majani ya nanasi, piña, kinachofumwa Kalibo na vijiji vya mkoa wa Aklan, kisiwani Panay. Jani huparwa kwanza kwa kipande cha sahani iliyovunjika, zikatoka nyuzi ngumu. Kisha huparwa tena kwa kifuu cha nazi ili kutoa nyuzi nyembamba za chini yake, na hizo ndizo zinazofaa kwa shati. Huoshwa, huanikwa, halafu huungwa moja moja kwa vidole, ncha kwa ncha, kabla ya kupandishwa kwenye kitanda cha mfumi. Ufumaji huu uliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO Desemba 2023, katika kikao kilichofanyika Kasane, Botswana.

Ukitaka kuikagua, inyanyue kwenye mwanga. Piña halisi ina rangi ya maziwa yaliyokolea, nyuzi zake hazilingani unene, na hapa na pale utaona vifundo vidogo vya pale zilipoungwa. Kitambaa kilicholingana kila mahali kimetoka mashineni. Kama bado una shaka, omba kiuzi kilichochomoka kwenye pindo ukichome: cha nanasi huungua kama karatasi na kuacha majivu, cha hariri hunuka nywele zilizoungua, cha poliesta huyeyuka na kuwa kitone kigumu. Jihadhari zaidi na kinachouzwa kwa jina la jusi. Zamani kilikuwa cha nyuzi za abaka, aina ya mgomba, lakini tangu miaka ya 1960 kimekuwa hariri ya kuagizwa nje, na siku hizi kingi kimechanganywa na poliesta.

Darizi nzuri hutoka Lumban, mkoani Laguna. Geuza shati ndani nje: kazi ya mkono ni nadhifu pande zote mbili, ya mashine huacha mgongo mgumu wenye nyuzi zilizorundikana. Angalia pia matundu ya urembo kifuani. Fundi wa mkono huchomoa nyuzi za kitambaa chenyewe, kisha hufunga zilizobaki. Mashine hutoboa tu, na kingo huja kufumuka.

Wauzaji wengi watakusimulia kwamba Wahispania waliwalazimisha wenyeji kuvaa shati linaloonyesha mwili, lisilochomekewa, ili wasifiche silaha. Hakuna aliyewahi kuonyesha sheria hiyo, na wanahistoria wameikanusha. Shati jepesi la kuachia nje linafaa kwa joto la huko, na katika karne ya 19 piña ilikuwa nguo ghali ya wenye uwezo. Hata hivyo ni rahisi kuona kwa nini hadithi inapendwa: inaifanya barong kuwa fedheha iliyogeuzwa fahari, na ndivyo Wafilipino wengi wanavyopenda kuisoma historia yao. Binafsi naona ukweli unapendeza zaidi. Nanasi lilitoka Amerika kwa meli za Wahispania, wafumaji wa Visaya, visiwa vya katikati ya nchi, wakaligeuza kitambaa, sindano za Watagalogi wa upande wa Manila zikalipamba.

Vipimo: ongeza inchi 4 au 5 juu ya kipimo cha kifua, kwa sababu piña haivutiki hata kidogo. Ikibana, huchanika mgongoni au kwapani ukinyoosha mkono. Pindo lifunike makalio, mkono wa shati uishie kwenye kifundo cha mkono. Ndani vaa fulana nyeupe nyembamba isiyo na ukosi, nayo hunyonya jasho. Suruali iwe nyeusi. Haichomekewi, haivaliwi tai.

Kwa harusi, pendekezo langu ni piña iliyofumwa pamoja na hariri: ni nafuu kuliko piña tupu, na haivunjiki upesi. Ya poliesta ya mikono mifupi inatosha ofisini. Kwa sherehe haifai, maana inatunza joto na inang'aa vibaya kwenye picha.

Kufua ni kwa mkono, maji baridi, sabuni laini, bila kukamua. Anika kivulini, piga pasi ya moto mdogo ingali na unyevu, na kitambaa juu yake. Usiinyunyizie manukato moja kwa moja, hutia madoa. Wala usiikunje kabatini kwa miezi, kwani nyuzi hukatika kwenye mkunjo. Itundike kwenye henga pana au uiviringishe kwenye shuka la pamba.