Monita ya kurekebishia rangi za video: ipi ununue kwanza

Usiku mmoja nilimaliza kurekebisha rangi za video ya harusi, nikaituma, nikalala nimeridhika. Asubuhi bibi harusi akaniuliza mbona gauni lake limekuwa kama lililosuuzwa kwa buluu ikazidi. Kumbe kompyuta ilikuwa imejiwasha hali ya usiku, skrini ikawa ya manjano, nami nikawa nasukuma nyeupe kwenda kwenye bluu hadi ionekane sawa machoni pangu. Programu haikuwa na kosa lolote.

Ndiyo maana nikiulizwa pesa ianzie wapi, nasema monita. DaVinci Resolve ya bure, programu ya kuhariri na kurekebisha rangi za video, inatoa video hadi pikseli 3840 kwa 2160, na kwa kazi ya mtandaoni hiyo inatosha kabisa.

Namba moja kwangu ni monita ya IPS (aina mojawapo ya paneli za skrini) ya inchi 24 au 27, inayofikisha asilimia 100 ya sRGB, wigo wa rangi wa kawaida wa kompyuta na mtandao, au karibu na hapo. Video nyingi za mtandaoni hufuata kiwango cha rangi za video kiitwacho Rec. 709, na rangi zake za msingi ndizo hizohizo za sRGB. Zaidi ya hapo, IPS haigeuki rangi ukiegemea kiti au mteja akisimama pembeni yako. Udhaifu wake ni weusi: chumba kikiwa na giza, utauona unaelekea kijivu.

Hapa wengi hunaswa na boksi lililoandikwa P3 asilimia 98, yaani wigo wa rangi mpana kuliko sRGB. Monita ya namna hiyo isipokuwa na hali ya sRGB kwenye menyu yake, au programu isiposimamia rangi ipasavyo, nyekundu itakuwakia kuliko ilivyo kwenye faili. Utaipunguza. Mtazamaji mwenye simu ya kawaida ataona nyuso zilizopauka, na utashangaa kwa nini. Kabla ya kununua, ulizia hiyo hali ya sRGB.

OLED, skrini ambayo kila nukta hujitolea mwanga wake, naiweka ya pili, na najua wapo watakaonipinga. Weusi wake ni weusi kweli, na kwa kazi ya HDR, yaani video yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwangaza na giza, ningeipandisha juu. Lakini inakuonyesha vitu vya kivulini ambavyo mtu anayetazama simu juani hataviona kamwe, halafu vitufe vya programu vikikaa palepale miezi mingi huweza kuacha alama.

Ya tatu ni skrini ya kompyuta mpakato uliyonayo tayari, hasa ikiwa ni ya IPS. Runinga inafuata, nayo ni ya kukagulia tu. Zima mapambo yote ya picha kwanza. Monita zilizopinda za VA, aina nyingine ya paneli, zile za wacheza gemu, nazipa nafasi ya mwisho kwa sababu vivuli hubadilika ukisogeza kichwa. TN, paneli ambayo rangi hugeuka upesi ukiitazama pembeni, usinunue hata kwa bei ya kutupa.

Pesa ikibaki, usiiongeze kwenye monita ya biti 10. Ni kweli biti 10 hutoa ngazi 1024 kwa kila rangi badala ya 256, na anga la jioni hulainika, lakini video nyingi za kawaida humfikia mtazamaji zikiwa za biti 8. Nunua kipima rangi, kile kidude kinacholazwa juu ya kioo huku programu yake ikipitisha rangi moja baada ya nyingine na kuzipima. Lenga nyeupe ya D65 (nyeupe ya kiwango, kama mwanga wa mchana) na mwangaza wa niti 100 hivi (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini), kwenye chumba chenye mwanga hafifu. IPS ya bei ya chini iliyopimwa naiamini kuliko OLED ya kifahari ambayo haijawahi kupimwa.

Ukiwa bado dukani, jaza skrini nzima kwa kijivu kitupu, urudi hatua mbili nyuma. Kona moja ikielekea wekundu na nyingine ukijani, mwambie muuzaji alete nyingine.