Vijiti vya FSH vya madukani Kampala: ovari zimo, kinga haimo

Kwenye maduka ya dawa, Wandegeya na kwingineko mjini, kipimo cha mkojo cha kukoma hedhi huja kama kijiti cha karatasi ndani ya pakiti iliyozibwa, kinachofanana sana na kile cha mimba. Hupima FSH, homoni inayoziamsha ovari, na kikomo cha vingi ni 25 mIU kwa mililita. Kwa kazi hiyo kinafaa. Shida ni muuzaji anayekwambia kinaonyesha "kinga imeshuka", kisha anakusogezea chupa ya vitamini.

Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi katika chombo kikavu. Chovya bila kupita alama ya MAX, laza kijiti mezani, usome kwa dakika zilizoandikwa kwenye karatasi yake. Ukikisahau hadi chai imalizike, mstari unaoonekana baadaye hauhesabiki. Rudia baada ya wiki moja, ndiyo maana pakiti ya viwili ina maana kuliko ya kimoja.

Kosa kubwa ni kukisoma kama cha mimba. Kwa mimba, hata mstari hafifu wa T, ule wa kipimo chenyewe, ni jibu la ndiyo. Kwa FSH, mstari hafifu ni hapana: lazima T ikolee sawa na C, mstari unaothibitisha kuwa kijiti kinafanya kazi, au kuipita. Wengi wamejitangazia uzee kwa mstari wa kijivu. C isipotokea, tupa. Angalia pia herufi kwenye pakiti, kwa sababu vijiti vya LH, vya kutafuta siku za kushika mimba, hukaa rafu moja na hivi na sura ni ileile. Kijiti hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 30. Kilichoanikwa kwenye kioo cha duka kinachopigwa jua la mchana kiache hapohapo. Anayetumia vidonge au sindano ya uzazi wa mpango asipoteze pesa, maana dawa hizo huyumbisha matokeo.

Sasa hiyo kinga. FSH hupanda kwa sababu ovari zimeishiwa vijiyai na estrojeni inapungua, hivyo tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huzidi kuzigongea mlango kwa FSH. Ni habari za ovari tu. Ila estrojeni hiyo inayopungua ina kazi kwenye kinga kwelikweli: seli za kinga kama neutrofili, makrofaji, seli T na seli B zina vipokezi vyake. Ikiwa ya kutosha, huzisukuma seli B kutoa kingamwili, na hiyo ni sababu mojawapo ya wanawake wa umri wa kuzaa kuitikia chanjo nyingi kwa nguvu kuliko wanaume, na pia ya lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, kuwaandama wao zaidi. Umri nao una mkono wake. Tezi ya thaimasi, inakokomaa seli T, huanza kugeuka mafuta mapema sana maishani, kwa hiyo seli T mpya hupungua hata kwa mwanaume. Hedhi ikikoma, mambo mawili huenda pamoja: ulinzi dhidi ya vijidudu hulegea, huku kemikali za uchochezi kama IL-6 na TNF zikipanda. TNF hiyo huzichochea seli zinazomega mfupa. Chupa ya "kuongeza kinga" itaongeza ipi kati ya hizo mbili?

Mahali mwanamke anapoliona jambo hili waziwazi ni ukeni. Estrojeni huzijaza seli za ukuta wake glikojeni, ambayo ikivunjwa huwalisha bakteria wazuri, laktobasili. Nao hutoa asidi inayoweka pH chini ya 4.5. Estrojeni ikipungua, pH hupita 5 na bakteria wa utumbo hupata njia ya kwenda kwenye kibofu. UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, inayorudi kila baada ya miezi michache haihitaji kijiti cha FSH wala antibayotiki ileile ya dukani. Inahitaji mkojo uoteshwe maabara kabla ya dawa, kisha daktari aulizwe kuhusu estrojeni ya kupaka ukeni, ambayo hupunguza marudio hayo. Wala usikimbilie CD4, hesabu ya aina moja ya seli T kwenye damu. Inazoeleka kwa sababu ya kliniki za VVU, lakini hutikiswa hata na maambukizi ya kawaida na saa ya siku uliyotolewa damu.

Anunue nani, basi? Mwenye zaidi ya miaka 45, hedhi inayoruka na jasho la usiku, hana haja nacho: dalili zinatosha, na FSH yake inaweza kuwa juu wiki hii na chini ijayo. Jibu la ndiyo halimruhusu kuacha uzazi wa mpango, kwani mimba bado inawezekana. Aliye chini ya miaka 40 ambaye hedhi imekatika aanze na kipimo cha mimba, kisha apimwe damu hospitalini. Na aliyemaliza miezi 12 bila hedhi halafu akaona damu asinunue kijiti chochote. Aende akachunguzwe wiki hiyohiyo.