Geji ya kompresheni ya dizeli: ipime injini kabla ya kuilaumu pampu

Pikapu kuukuu ya dizeli inapoanza kusumbua kuwaka asubuhi, ikapigwa stata kwa muda mrefu huku ikitoa moshi mweupe, lawama hushukia kwanza pampu ya dizeli, kisha nozeli zinazopuliza mafuta ndani ya silinda, ilhali hizo ndizo sehemu ghali zaidi kuzifungua na ndizo ambazo mwenye gari hawezi kuzipima nyumbani ipasavyo. Seti ya geji ya kompresheni ninayoieleza hapa haimalizi maswali yote, lakini inajibu lile linalostahili kuulizwa kabla fedha haijatoka mfukoni: je, injini yenyewe bado inaweza kugandamiza hewa kiasi cha kuipatia joto la kuwasha mafuta? Injini ya dizeli haina cheche. Mgandamizo ukipungua kwenye silinda moja, mafuta yanayopulizwa humo hutoka nje kama ukungu mweupe bila kuungua, hata kama pampu ni mpya kabisa.

Seti hizi huuzwa kwa majina mengi na zinafanana sana: sanduku la plastiki, geji yenye kava la mpira inayosoma hadi bar 70 (bar ni kipimo cha shinikizo), paipu fupi yenye kiungio cha kuchomeka na kuchomoa haraka, na rundo la adapta. Kipimo hicho cha bar 70 si cha kujionyesha. Geji ya injini ya petroli kwa kawaida huishia karibu na bar 20, na silinda ya dizeli yenye afya huivuka alama hiyo bila shida, kwa hiyo anayeazima geji ya petroli atapata sindano iliyopinda na si jibu. Adapta za seti yangu ni za aina mbili: zile zinazoingia kwenye tundu la hita plagi (plagi ya umeme inayopasha silinda joto kabla ya kuwasha), zenye thredi za M10 na M12, yaani kipenyo cha milimita 10 na 12, na zile zenye umbo la nozeli ambazo hukaa mahali pa nozeli na kubanwa kwa kibano. Alama za vipimo zimechorwa kwa mkwaruzo mwepesi mno, hivyo mikono ikishapata oili huzioni tena. Nilizipaka rangi ya kucha ili nizitofautishe, jambo ambalo mtengenezaji angeweza kulifanya kwa gharama ndogo.

Sehemu ninayoisifu bila kusita ni valvu ndogo iliyo kwenye ncha ya adapta, upande wa injini. Katika geji za bei rahisi zaidi valvu hiyo huwekwa karibu na geji yenyewe, na hapo nafasi ya ndani ya paipu huongezeka kwenye nafasi ya silinda. Kwa petroli kosa hilo huvumilika, lakini chumba cha kuunguzia cha dizeli ni kidogo sana, kwa kuwa uwiano wa mgandamizo huwa karibu 20 kwa 1, na hewa kidogo inayopotelea kwenye paipu inatosha kuifanya injini nzima ionekane mgonjwa. Valvu hiyo inafanana kabisa na moyo wa valvu ya tairi, ila springi yake ni laini zaidi. Ikiharibika, usiibadilishe na ya tairi, maana springi ngumu itakusomea namba ya chini kuliko hali halisi.

Niliitumia kwenye pikapu yenye injini ya Toyota 2L, ya silinda 4 na ujazo wa sentimita za ujazo 2,446, baada ya kuhakikisha kwamba betri ilikuwa na chaji, hita plagi zote zilikuwa zinafanya kazi, na paipu ya dizeli haikuwa inavuta hewa. Uchunguzi huo wa mwanzo hauhitaji geji yoyote na usirukwe. Injini iliwashwa hadi ikapata moto, kisha nikachomoa waya wa solenoidi ya kukata mafuta kwenye pampu, nikaondoa waya wa umeme wa hita plagi na kuufunga utepe ili usiguse bodi, halafu nikafungua hita plagi zote nne. Kufungua zote ni lazima, kwa sababu stata inayosukuma silinda nyingine zilizofungwa haifikii kasi inayotakiwa. Hita plagi zilizokaa miaka mingi hushikana na silinda hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda), na ncha iliyovimba inaweza kukatikia ndani. Zipulizie mafuta ya kulainisha kutu mapema, uzifungue injini ikiwa na moto, na ukiona spana inapinda badala ya plagi kuzunguka, acha.

Namba zilizopatikana zilikuwa bar 28, 29, 28 na, kwenye silinda ya mwisho, 21. Hapa ndipo karatasi ya maelekezo iliyomo kwenye sanduku ilipopungua, kwa kuwa inataja kiwango cha chini tu na kuishia hapo. Kwa injini hii kiwango kizuri ni takriban bar 31, kiwango cha chini kabisa ni karibu bar 20, na tofauti kati ya silinda isizidi bar 5. Kwa kigezo cha kwanza silinda ya nne ilikuwa imefaulu. Kwa kigezo cha tofauti ilikuwa imeanguka, na ndiyo iliyokuwa ikitikisa injini na kutoa moshi kila asubuhi. Anayepima mahali palipoinuka sana akumbuke pia kwamba hewa huko ni nyepesi, na usomaji hushuka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda, hivyo tofauti kati ya silinda ina uzito kuliko namba yenyewe.

Maelekezo yaleyale yanashauri kumimina oili kwenye silinda dhaifu na kupima tena: namba ikipanda, ringi za pistoni (pete zinazoziba pembeni mwa pistoni) zimechoka, isipopanda, tatizo liko kwenye valvu. Ushauri huo umetoka kwenye injini za petroli. Katika dizeli, oili kidogo tu hujaza sehemu kubwa ya chumba cha kuunguzia na kupandisha namba hata kama ringi ni nzima, na ikizidi, pistoni itagonga kimiminika kisichogandamizika na kupinda kikono chake. Mimi siufuati. Njia salama ni kuweka pistoni juu kabisa huku valvu zote zikiwa zimefungwa, kuzuia injini isizunguke, kuingiza hewa ya kompresa kupitia adapta ileile (baada ya kuchomoa ile valvu ndogo), na kusikiliza. Mvumo kwenye kifuniko cha oili ni ringi. Kwenye paipu ya kuvuta hewa ni valvu ya kuingiza. Kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea moshi. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya silinda hedi au ufa. Kwangu mvumo ulitoka kwenye ekzosi, na nilipofungua kifuniko cha juu nikakuta valvu ya kutolea moshi ya silinda hiyo haina nafasi hata ya kupitisha kisahani chembamba kuliko vyote vya kupimia, kwa hiyo haikuwa ikifunga kabisa. Valvu ilirekebishwa nafasi, silinda ikasoma bar 27, na pampu haikuguswa.

Kasoro za seti ni za vitu vidogo, lakini zinaudhi. Oringi (pete za kuziba uvujaji) za adapta ni za mpira laini unaochanika haraka ukikazwa kwenye injini ya moto, na za akiba zilizomo hazilingani na adapta zote. Kiungio cha haraka kilianza kuvuja kidogo, na uvujaji huo hujulikana kwa sindano inayopanda kisha kurudi polepole badala ya kusimama. Tone la maji ya sabuni huonyesha mahali. Adapta za umbo la nozeli sizipendekezi kwa kazi ya nyumbani, kwa kuwa zinadai washa (pete ya chuma ya kuziba uvujaji) mpya kila zinapofungwa, na nozeli zikirudishwa nazo zinadai washa mpya pia. Mwenye injini kuukuu isiyo na hita plagi hana njia nyingine, na ahesabu gharama ya washa hizo pamoja na ya seti. Kabla ya kununua, fungua hita plagi moja uipeleke dukani, uipime thredi yake na adapta zilizomo sandukuni. M10 zipo za hatua (umbali kati ya jino na jino la thredi) ya milimita 1 na ya 1.25, na ile isiyo yake huingia mizunguko miwili ya kwanza kwa ulaini kabisa kabla haijaanza kula silinda hedi.