Uzoefu wangu: siku ya kuzaliwa katika Boma la Kale, Dar es Salaam

Kwa yeyote anayetaka kusherehekea siku yake ya kuzaliwa jijini Dar es Salaam bila kukodi ukumbi, bila mshereheshaji na bila spika zinazowalazimu wageni kuongea kwa kupigiana kelele, napendekeza maonyesho ya usanifu wa majengo yaliyomo katika Boma la Kale, Barabara ya Sokoine, jirani na gati la boti za Zanzibar. Mwaka huu niliwaalika marafiki wachache hapo mchana, kisha jioni tukaenda kwa miguu hadi Kisutu kula, na gharama zote kwa pamoja hazikufikia bei niliyotajiwa kwa ukumbi mtupu, sembuse chakula.

Jengo lenyewe ndilo onyesho la kwanza. Lilijengwa mwaka 1866 hadi 1867, enzi za Sultani Majid bin Said, alipokuwa akiuanzisha mji wake mpya kando ya kijiji cha Mzizima, nalo lilikusudiwa kufikia wageni wake. Leo ndimo kilimo kituo cha urithi wa usanifu wa majengo cha jiji, kijulikanacho kwa kifupi kama DARCH. Ukishapita mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa Zanzibar, unahisi mara moja kazi ya kuta zile za mawe ya matumbawe na chokaa, kwani jua la Sokoine unaliacha barabarani.

Kilichotushika kwa muda mrefu zaidi ni habari ya boriti. Katika nyumba za mawe za pwani dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti inayoweza kubeba uzito huo ni nadra kuzidi mita tatu hivi, chumba huweza kurefushwa kadiri mwenye nyumba apendavyo, lakini hakiwezi kutanuliwa. Mwenzetu mmoja, ambaye kazi yake ni ukadiriaji majenzi, alianza kupima chumba kwa hatua huku akihesabu kwa sauti, na mwingine akasema, "Kumbe sebule ya babu kule Bagamoyo ilikuwa nyembamba kwa sababu ya mti, na sisi miaka yote tulidhani ni ubahili wake!" Tulicheka sana, lakini kuanzia hapo kila mtu alikuwa akitazama juu kabla ya kutazama ukutani.

Picha na ramani zinauonyesha mji ulivyokua tangu kwa Sultani, kupitia kwa Wajerumani waliouteua kuwa makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, kisha Waingereza, hadi baada ya Uhuru. Nashauri usizipite haraka habari za kanuni za ujenzi za Wajerumani, zilizopanga ni nyumba ya namna gani ijengwe eneo gani, kwa sababu mgawanyiko wa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, ambao wengi wetu tuliuzoea kama kitu kilichojitokeza chenyewe, uliandikwa kwanza mezani.

Mezani, Kisutu, mazungumzo yalihamia soko la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli iliyofunguliwa mwaka 1975, ambalo paa lake lina miavuli ya zege inayokusanya maji ya mvua na kuyateremsha kwenye tangi lililo chini. Mmoja wetu alikulia mtaa wa jirani na soko hilo, na alipoanza kueleza jinsi alivyoutazama moto wa Julai 2021, mishkaki ilipoa bila mtu kuigusa. Sijawahi kuona sherehe yangu ikitekwa na jengo, wala sikukasirika.

Kuhusu chakula, kuku wa mkaa alikuwa amekolea ndimu na pilipili hadi mfupani, mihogo ilikuwa laini ndani na kavu nje, na juisi ya ukwaju haikuzidishwa sukari. Samaki, hata hivyo, alichelewa mno, na alipofika tulikuwa tumeshakatiana keki na kulishana. Keki nayo, niliyoiagiza kwa mwokaji wa mtaani kwetu, ilikuja na jina langu likiwa limepungua herufi, na alipopigiwa simu alijibu kwamba ladha haibadiliki. Katika hilo alisema kweli.

Mambo machache kwa atakayefuata mpango huu. Ulizia mapema kama utapata mwongozaji, maana jengo linazungumza zaidi likiwa na mtu wa kulisemea. Kula baadaye, kwa sababu watu walioshiba hawasomi maelezo ya ukutani. Wakataze marafiki mapema desturi ya kummwagia maji mwenye siku yake. Wangu waliniahidi kwa dhati, ila nilikuta chupa mbili kubwa kwenye mkoba wa mmoja wao, na nilimwagiwa zote tulipokuwa tukisubiri usafiri wa kurudi nyumbani. Kwa kundi linalotaka muziki na kucheza, mahali hapa hapafai. Kwa kundi linalopenda kubishana hadi usiku, sijapata pazuri zaidi katikati ya jiji.