Silabusi ya avoka Heo Heon: inunueni, ila muwe na kalamu

Silabusi hii, yaani kitini, ya kurasa 52 inapatikana kwenye nyumba ya fotokopi moja, njia ya kwenda kampasi ya Kasapa, hapa Lubumbashi. Inaeleza maisha ya Heo Heon, avoka wa Korea aliyewatetea wapigania uhuru chini ya utawala wa Japani, kisha akaingia siasa.

Sura ya kesi ya 1920 peke yake inatosha kuinunua. Viongozi wa vuguvugu la tarehe 1 Machi 1919, la Wakorea kudai uhuru kutoka Japani, wako kizimbani, na majina ya wengi wao yako chini ya tangazo la uhuru lenyewe. Kukana hakuna njia. Heo akaisoma upya amri ya korti ya juu. Korti hiyo ilisema kesi si ya uasi, ikataja tribinali ya wilaya kuwa ndiyo yenye mamlaka, lakini haikuandika popote kwamba inaipelekea kesi. Kwa hiyo, akadai, tribinali haijapokea kesi kisheria. Agosti 1920 majaji wakakubali! Parke, yaani waendesha mashtaka, ikakata rufaa, na Oktoba washtakiwa wengi wakafungwa. Son Byong-hi, kiongozi wao mkuu, alipata miaka 3. Mwandishi ameifuata hoja hii amri kwa amri, bila haraka. Anayesoma utaratibu wa makosa ya jinai asiiruke.

Majina ndiyo yameharibika. Heo, Ho na Hŏ ni tahajia tatu za ukoo mmoja, na ukoo hutangulia. Silabusi imemgawa kuwa watu wawili. Kompyuta iliyochapa haina ŏ, ndiyo maana mnaona "H?". Rekebisheni pia Keijo: ni jina la Kijapani la Seoul wakati wa utawala wa Japani, si mji mwingine.

Siasa imepewa nusu ukurasa, na hapo tumenyimwa. Shirika la Singanhoe, lililounganisha wazalendo na wasoshalisti tangu 1927, limetajwa tu, bila kusema kwamba Heo aliliongoza na kukamatwa Desemba 1929 kwa kuunga mkono wanafunzi wa mji wa Gwangju walioandamana kupinga Wajapani. Wenzake wawili wa kutetea kesi za wapigania uhuru, Kim Byeong-ro na Yi In, hawamo. Mwaka 1948 Kim akawa jaji mkuu wa kwanza wa Korea Kusini na Yi waziri wa sheria, huku Heo akiongoza bunge la Kaskazini. Watu waliokaa meza moja ya utetezi! Heo alikufa maji Agosti 1951, vita vikiendelea.

Agrafi, ile pini ya kubania, haishiki karatasi 26. Ya katikati inachomoka siku ya kwanza. Ombeni spirali. Kabla ya kulipa fungueni kurasa 19 hadi 22, maana nakala nyingine zina upande wa nyuma uliopinduliwa, na hapo ndipo amri ya korti ya juu ilipo.