Kuhamisha Mikanda ya Zamani ya Televisheni: Duka Moja la Ngamiani, Tanga

Mwezi uliopita nilipeleka mikanda miwili ya VHS kwenye duka dogo la fundi wa redio na deki huko Ngamiani, ili ihamishiwe kwenye flashi. Marehemu mjomba wangu aliirekodi Unguja kutoka Televisheni Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati huku Bara hatukuwa na kituo hata kimoja. Zanzibar ilikuwa ikirusha matangazo ya rangi tangu 1973. Sisi tulisubiri hadi 1994.

Mkanda wa kwanza ulikuwa umeota ukungu mweupe ukingoni, mfano wa unga uliomwagika. Fundi hakuthubutu kuuchomeka kwenye deki. Alifungua skrubu 5 za kasha, akahamishia magurudumu yake kwenye kasha safi, akauzungusha kwa mkono taratibu huku akiupitisha kwenye kitambaa laini, kisha akasafisha hedi za deki, yaani sehemu zinazosoma mkanda, kwa spiriti kabla ya kuucheza. Kazi hiyo ilimaliza asubuhi nzima, nami nilikaa pale nikitazama. Rangi zimepauka, lakini sauti ya taarabu imetoka safi kabisa.

Kasoro yao ni moja, na si ndogo. Katika faili niliyokabidhiwa walikuwa wamekata mwanzo, pale mtangazaji anapotaja vipindi vya jioni ile, wakidhani mteja anataka muziki tu. Kwangu hicho ndicho kipande adimu kuliko vyote, kwa sababu vituo vyenyewe mara nyingi havikuhifadhi. Mkanda wa upana wa inchi 2 waliotumia, ulioingia kazini na mashine ya kurekodia ya kampuni ya Ampex mwaka 1956, ulikuwa ghali, kwa hiyo ulifutwa na kurekodiwa upya; hata mikanda asilia ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, yenye picha za Apollo 11, safari ya kwanza kufikisha watu mwezini, ilifutwa, zikabaki nakala za vituo vya televisheni. Mwaka 2013 ilitangazwa kuwa vipindi 9 vya Doctor Who, tamthilia ya Uingereza, vilivyokuwa vimepotea BBC, vimepatikana Jos, Nigeria. Ikiwa stoo ya Jos iliweza kutunza filamu hizo, kabati la sebuleni Tanga nalo linastahili kuheshimiwa.

Nilipomweleza fundi, aliomba radhi na kurudia kazi yote bila kunidai zaidi. Atakayekwenda aseme mapema kwamba hataki kukatiwa chochote. Mkanda wa pili umekatika katikati. Ameomba wiki moja auunge, nami nimemwachia.