Kuuza karafuu ZSTC: mzani, daraja, na bei inayoanzia Indonesia

Kwa mkulima wa Pemba mwenye karafuu kavu, mlango wa halali ni mmoja: kituo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC. Tunakisifu kwa jambo moja kubwa: bei ya kila daraja la ubora inatangazwa, unaijua kabla hujabeba gunia.

Kwenye daraja ndiko pesa inakopotea. Mnunuzi hutazama rangi, makonyo (vikonyo vinavyoshika karafuu) na ukavu. Ichambue karafuu siku ileile ilipochumwa, uianike mara jua likichomoza. Ikilala mbichi ndani ya gunia hupata moto, huvunda, na ikikauka hutoka nyeupe iliyosinyaa. Hiyo haiponi hata uianike wiki nzima. Tandaza jamvini, si barabarani, maana lami inaipa mchanga na harufu. Jua likiwa kali, siku nne au tano zatosha, na kilo tatu mbichi hutoa kama kilo moja kavu. Ivunje kwa vidole: ikikatika kwa mlio, tayari, ikipinda, irudishe jamvini. Makonyo usiyatupe, kwani kiwanda cha mafuta cha Wawi, Chake Chake, huyakamua.

Tunapopunguza alama ni kwenye bei. Sera inasema mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, nayo ni sera ya haki. Lakini bei hiyo haipangwi Unguja wala Pemba. Indonesia inavuna karafuu kuliko nchi yoyote, na nyingi huishia ndani ya sigara zake za kretek. Miaka ya 1970 Indonesia ndiyo iliyokuwa mteja wetu mkuu. Ikaamua kupanda mikarafuu yake, ikajitosheleza miaka ya 1980, bei ikaporomoka, na malipo duni yakaisukuma karafuu ya Pemba kwenye majahazi ya magendo kwenda Kenya. Leo tunaitegemea sana India, ambako Sri Lanka inaingiza karafuu zake kwa nafuu ya ushuru chini ya mkataba wao wa 1998. Sahihi ya Delhi au Jakarta inamfikia mchumaji wa Wete.

Kwa hiyo ubao wa kituo usiishie kwenye bei ya daraja. Uandikwe pia bei ambayo shirika limeuzia nje msimu huo, kwa dola na kwa shilingi, ili mkulima aipige hesabu asilimia 80 yake mwenyewe palepale mzanini.